Nikiwa Zamu, Kambare Hawafungwi

Jumapili, 5 Mei

Jana sare. Bila kwa bila, ugenini. Sikuona hata dakika moja, na ndiyo sababu hatukufungwa. Nilikuwa kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, mashine namba tatu, nikizungusha mashuka ya wodi ya wanaume huku nimeziba masikio kwa pamba. Pointi moja. Naipokea kwa mikono miwili.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu siku moja watu watataka kujua Kambare walinusurikaje kushuka daraja, na kocha hatawaambia ukweli. Kocha mwenyewe haujui. Ukweli uko kwenye daftari langu. Tangu ligi ianze hadi mwisho wa Januari nilitazama mechi zote kumi na nne. Pointi tano! Wa mwisho kabisa. Kuanzia Februari nikaingia zamu kila Jumamosi, mechi kumi na tatu: tumeshinda sita, sare nne, tumefungwa tatu. Hizo tatu zina maelezo. Ya kwanza, jino lilinirudisha nyumbani saa saba. Ya pili, mashine iliharibika, kwa hiyo nilikuwepo lakini sikuwa nafua. Ya tatu ni refa.

Kwa haki, Jumamosi moja ni yangu na inayofuata ni ya Profesa. Profesa ni mwenzangu wa mashine namba mbili. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kufungua mfuko wa sabuni kabla ya kusoma maelezo yote ya nyuma. Ni shabiki wa Mwewe, wale wanaogombea ubingwa. Hadi Januari zangu nilikuwa nabadilishana na watu wa Jumapili ili nitazame mpira; tangu Februari nafanya zangu na namfanyia zake zote. Nilimweleza sababu waziwazi. Alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la nguo chafu, akasema hayo si mawazo ya mtu mzima mwenye akili timamu, kisha akazipokea Jumamosi zake bila kubisha.

Mke wangu anajua sababu nyingine. Nilimwambia kuna upungufu wa wafanyakazi. Watoto wameshaoa na kuolewa, wana makwao, kwa hiyo Jumamosi mchana anakula peke yake. Amelisema jambo hilo mara moja tu, akipanga vyombo kabatini. Alisema sahani moja huoshwa haraka mno. Nikajifanya natafuta miwani.

Zimebaki mechi tatu. Kambare wa kumi na nne, pointi ishirini na saba. Siafu wa kumi na tano, pointi ishirini na sita. Timu ni kumi na sita, na mbili za chini zinashuka. Kambare hawajawahi kushuka tangu marehemu baba aniweke mabegani nione uwanja. Hawatashuka mimi nikiwa hai na nikiwa na ovaroli.

Jumanne, 7 Mei

Profesa kanichokoza wakati wa chai. Akasema mashabiki wa Kambare ni maelfu, na wengi wao Jumamosi wako kazini: madereva, wauguzi, wauza duka. Mbona asiwe mmoja wao anayeleta ushindi? Nilimwuliza ni wangapi kati yao wako kwenye mashine namba tatu. Alirudi kusoma mfuko wa sabuni.

Jumamosi, 11 Mei

Zamu kamili, saa moja hadi saa kumi na mbili. Mashuka mia moja na themanini, magauni ya upasuaji hamsini. Pamba masikioni. Simu kabatini. Mechi ilianza saa nane na mimi nikaanza kufua kwa moyo wote, kwa sababu ninaamini ubora wa kazi nao unachangia.

Saa kumi na mbili nikafungua simu. Ujumbe mmoja kutoka kwa Profesa, maneno mawili tu: bahati tupu. Nikajua tumeshinda. Bao moja kwa bila, nyumbani! Siafu nao wameshinda, wachawi wale, lakini sisi tuna thelathini na wao ishirini na tisa.

Nyumbani chakula kilikuwa kimefunikwa. Mke wangu akauliza kama upungufu unapungua. Nikasema bado kidogo, labda mwisho wa mwezi. Hapo sikudanganya, kwa sababu ligi inaisha tarehe ishirini na tano.

Jumatatu, 13 Mei

Msiba! Bosi ameniita ofisini.

Bosi wetu ni mama mpole, miwani yake iko kwenye uzi, na huona kila kitu kwa juu ya hiyo miwani. Mezani alikuwa na kitabu cha mahudhurio. Akasema katika miaka yake yote hapa hajapata kuona mtu aliyejitolea Jumamosi kumi na nne mfululizo bila kunung'unika. Akasema kiongozi wa zamu anahama wiki ijayo kumfuata mumewe, na yeye ameshapendekeza jina langu. Kutakuwa na meza, kiti cha kuzunguka na ufunguo wa stoo.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza majibu ya vipimo, saa za kazi zikoje. Jumatatu hadi Ijumaa, akasema. Jumamosi nipumzike, nimeistahili. Alikuwa anatabasamu.

Nikatoka na barua ya cheo hicho mfukoni. Bidii imeniponza. Kuna watu wanakesha wakiomba kupandishwa cheo, na mimi kimenijia chenyewe wiki mbili kabla ya mwisho wa ligi.

Jumanne, 14 Mei

Mambo yamezidi kuharibika. Mimi hufua mashuka mia mbili kwa siku, kwa hiyo nyumbani sifui hata soksi. Anafua mke wangu, na kabla ya kufua hupekua mifuko. Ameipata barua.

Aliisoma amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Hakuuliza habari za mshahara hata kidogo. Alisema Jumamosi tutakuwa tunakula pale dirishani, mchana, kukiwa bado na mwanga, na kwamba atapika kuku na viazi. Akatoa kitambaa cha meza ambacho sijakiona tangu binti yetu aolewe, akakinyoosha kwa kiganja, akakirudisha kabatini. Kisha nikamsikia jikoni akicheka peke yake.

Sijamsikia akicheka hivyo siku nyingi. Iliniuma. Lakini zimebaki mechi mbili, na hakuna mtu mwingine wa kuzisimamia.

Jumatano, 15 Mei

Nimepata njia. Ninahitaji kosa. Liwe kubwa kiasi cha kuninyima cheo, lisiwe kubwa kiasi cha kunimwagia unga. Nililipigia hesabu njia nzima ya kwenda kazini.

Kwa sisi madobi, kuchanganya rangi na nyeupe ndilo kosa la kwanza. Mgeni hufundishwa hilo kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Sasa, mimi nina jezi ya Kambare, ya buluu, niliyoinunua nje ya uwanja. Sijawahi kuifua kwa sababu siku ya kwanza tu nilipoivaa na kutoka jasho, kifua kilibaki buluu siku nne. Leo nimeitia kwenye mashine namba tatu, pamoja na mashuka arobaini ya wodi ya watoto. Maji ya moto. Nikabonyeza kitufe.

Yametoka buluu. Yote arobaini, sawasawa, hata doa jeupe halikubaki. Jezi yenyewe imetoka rangi ya maji ya kunawia. Profesa alikuja, akatazama, akanitazama, akaenda zake. Niliyapanga mashuka kwenye toroli pale mlangoni ili Bosi akipita ayaone. Nikafanya mazoezi ya uso wa majuto kwenye kioo cha mashine. Bosi hakupita. Aliyepita ni mpeleka toroli, na nilipogeuka mashuka yalikuwa yameshapanda wodini.

Ijumaa, 17 Mei

Sikufua dafu.

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto ameshuka mwenyewe. Nilijiweka sawa kwa kukaripiwa. Badala yake amenishika mkono. Anasema watoto wameacha kuviogopa vitanda. Kuna binti mdogo alikuwa amegoma kulala chini tangu aletwe, sasa amelala bila kubembelezwa, anasema amelazwa angani. Anataka mashuka mengine sitini ya rangi hiyohiyo.

Bosi akauliza wazo ni la nani. Profesa, nyoka yule, akaninyooshea kidole. Bosi akasema huo unaitwa ubunifu, akaliandika neno hilo kwenye faili langu na kulipigia mstari. Akaongeza kwamba kesho Jumamosi kuna semina ya viongozi wapya, ukumbi wa hospitali, kutwa nzima, na jina langu limo.

Niliuliza kama naweza kuja na ovaroli. Akadhani natania. Shati na tai, akasema.

Nimejituliza. Ukumbi uko ndani ya uzio wa hospitali. Nimeingia getini, nimesaini, nimo kazini. Itahesabika.

Jumamosi, 18 Mei

Haihesabiki.

Tatu bila. Nyumbani kwetu wenyewe! Tumefungwa la kwanza wakati mtoa mada anaeleza namna ya kupanga siku yako. La pili wakati wa vikundi. La tatu nilikuwa mbele ya watu wote, nafanya zoezi la kumkosoa mfanyakazi bila kumvunja moyo. Unaanza kwa kumsifu, ndipo unasema kosa, halafu unamalizia kwa kumsifu tena. Nilimsifu yule mama niliyepangiwa mpaka muda ukaisha, sikufika kwenye kosa.

Siafu wametoka sare. Sasa wote tuna thelathini, wao wametupita kwa mabao. Kambare wa kumi na tano. Jumamosi ijayo ni mechi ya mwisho, ugenini kwa Mwewe. Kwa Mwewe, tena nao wanahitaji ushindi wachukue kombe.

Nimefikiri sana nikirudi nyumbani. Kosa ni tai. Nilikuwa kazini, ndiyo, lakini sikuwa zamu. Zamu ni ovaroli. Nimeliandika hilo daftarini kwa wino mwekundu.

Mke wangu aliuliza semina ilikuwaje. Nikasema nimejifunza mengi. Akanitengenezea chai na akaniita kiongozi.

Jumatatu, 20 Mei

Nimepiga moyo konde. Nimekikataa cheo.

Nilitumia mbinu ya semina. Nikaanza kwa kumsifu Bosi, miwani yake, utaratibu wake. Kisha nikasema kwamba nafasi ile inamfaa zaidi Profesa. Anasoma. Ana cheti cha hesabu. Anajua sabuni kwa majina yake ya kitaalamu. Mimi nibaki kwenye mashine yangu, na Jumamosi zangu nibaki nazo. Nikamalizia kwa kumsifu tena.

Bosi alivua miwani. Sijawahi kumwona bila miwani. Aliuliza kama mke wangu analijua hili. Nikasema analijua, tumelizungumza. Akaifuta kwa leso, akasema unyenyekevu wa namna hii haupo tena duniani. Ilipofika saa sita Profesa alikuwa na ufunguo wa stoo.

Profesa alinifuata mashineni kuuliza kwa nini. Nikamwambia anajua kwa nini. Hakucheka safari hii. Aliuliza kama nina homa.

Nyumbani nilisema wamempa mtu mwenye elimu kubwa kuliko mimi. Mke wangu akauliza nani. Nikamtajia. Akasema si kitu. Alikuwa anachambua mchele, akatupa kokoto moja, akasema tena kwamba si kitu. Nikatoka nje kidogo nikaangalie kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Alhamisi, 23 Mei

Ratiba mpya ya zamu imebandikwa. Mwandiko wa Profesa, mistari kapiga kwa rula. Nilipitisha kidole hadi Jumamosi, tarehe ishirini na tano. Jina langu halimo. Nikatafuta tena. Limo, pembeni, na mbele yake pameandikwa: mapumziko.

Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaanza kunipita kwa ubavu.

Kwa hiyo anaamini! Miezi minne ananicheka, ananiita mshirikina, kumbe ameyaweka yote kichwani. Amepata madaraka Jumatatu na kufikia Alhamisi ameshayatumia kuwapa Mwewe ubingwa. Nakiri kuna sehemu yangu iliyofurahi. Msomi wa kwanza kukubaliana nami. Lakini furaha hiyo haijazi pointi.

Ijumaa, 24 Mei

Nilimwendea Profesa kwenye meza yake mpya. Nilimwomba kwa upole anirudishe zamu. Nikajitolea kufanya usafi wa mifereji ya maji machafu, kazi ambayo watu huugua ghafla ikitajwa. Akakataa. Nikamwambia najua njama zake. Akauliza njama gani. Nikasema Mwewe. Akaweka kalamu chini.

"Kesho kaa nyumbani kwako," akasema. "Sikuombi, nakupangia."

Mtu wa siku nne kwenye kiti cha kuzunguka. Nimerudi nyumbani maji yamenifika shingoni. Cha ajabu, mke wangu tayari alikuwa na kuku jikoni, na alikuwa ameshajua kesho sina zamu. Nadhani ameiona ratiba mfukoni mwangu, ingawa sikumbuki kuinakili.

Jumamosi, 25 Mei

Nitayaandika kwa utaratibu.

Asubuhi kitambaa kilikuwa mezani, na meza imesogezwa dirishani. Sahani mbili. Harufu ya kuku nyumba nzima. Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, akasema ni kwa sababu mengine yote yamelowa. Nilijaribu. Nilikaa kitini mpaka saa tano kasoro. Nikawaza Kambare wanavaa viatu, wanatoka kwenye korido, na mimi niko kwenye kochi nimevaa kandambili. Sikuweza.

Nilimwambia nimepigiwa simu. Dharura. Mashine namba tatu imegoma. Akauliza nani aliyepiga. Nikasema Profesa. Akaiangalia sufuria, akapunguza moto.

"Basi nenda, mume wangu," akasema. "Chakula nitafunika."

Kufika getini, mlinzi akafungua orodha yake. Mzee huyu hana upande kwenye mpira wala kwenye kitu kingine chochote, anafuata karatasi. Akasema karatasi imeandika mapumziko, kwa hiyo nikapumzike. Nikamwambia nataka kufua tu. Akasema tangu mashuka yaanze kupotea, asiyekuwa zamu haingii. Nikasema basi naomba niletewe ovaroli yangu, niivae hapahapa. Akasema ovaroli ni mali ya hospitali.

Nikazunguka nyuma, kwenye uzio, pale bomba la mvuke linapotokea. Unasikia harufu ya sabuni na ukiinama unaiona mashine namba tatu dirishani. Kulikuwa na mtu mwingine anaiendesha. Kaijaza kupita kiasi. Nikaketi juu ya tofali, nina shati la kawaida, sina hata pamba.

Saa nane ikagonga. Mlinzi akanihurumia. Alidhani nimekuja kwa sababu nyumbani sina redio. Akamwachia mwenzake geti, akaja na kiti chake na redio yake, akaketi upande wa pili wa uzio, akaongeza sauti. Nikaziba masikio kwa vidole. Akapitisha mkono kwenye waya, akanitoa kidole kimoja taratibu, akaniambia nisikilize, mtangazaji wa leo ana sauti nzuri.

Nilisikia kila kitu. Kipindi cha kwanza bila kwa bila, Mwewe wamegonga mwamba mara mbili. Nilijua ni kosa langu. Nimeiacha zamu, nimeacha hata chakula, na sasa naisikiliza mechi kwa masikio yangu mawili. Dakika ya themanini na moja tukapata kona. Nikafumba macho, nadhani ilikuwa imani yangu ya mwisho. Beki wetu wa kati, mtu ambaye hajafunga tangu atoke shule, akaruka akapiga kichwa. Bao! Nikangoja refa alikatae. Hakulikataa. Nikangoja Mwewe wasawazishe. Dakika sita za nyongeza. Hawakusawazisha. Siafu wametoka sare kwao.

Thelathini na tatu. Hatushuki.

Nilishika waya wa uzio nikalia. Sioni aibu kuandika. Nilimlilia marehemu baba, nikalilia jezi yangu niliyoiharibu, nikalia tu. Mlinzi akazima redio akauliza kwa sauti ya chini kama nina mgonjwa wodini. Nikasema nilikuwa naye, mzee, amepona.

Nyumbani nilifika jioni. Sahani yangu ilikuwa mezani imefunikwa. Yake ilikuwa imeshaoshwa. Kitambaa kimekunjwa. Nikamwambia mashine imetengemaa. Akasema anafurahi kwa ajili ya mashine.

Jumapili, 26 Mei

Siku nzima na daftari. Halikubali. Sikuwa zamu, sikuwa na ovaroli, nimeisikia mechi yote, na tumeshinda ugenini. Nimepanga, nimepangua. Kichwa kinauma. Kuku alikuwa mtamu hata akiwa wa baridi, lakini sikupata nafasi ya kulisema.

Jumatatu, 27 Mei

Profesa amekuja kazini na macho mekundu. Mwewe wamekosa kombe kwa pointi moja. Nilikuwa nimejiandaa kumtania kwa wiki nzima. Hakunipa nafasi. Aliuliza kwanza chakula cha Jumamosi kilikuwaje.

Nikauliza chakula gani. Akafunga mlango.

Anasema Jumanne iliyopita shemeji yake, yaani mke wangu, alifika hapa. Alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi, hakutaka kukaa. Alimpongeza kwa cheo. Kisha akauliza kama ule upungufu wa wafanyakazi bado upo, na kama upo, je, kiongozi anaweza kumwazima mume wake Jumamosi moja tu. Moja, akasema, si zaidi.

"Nilimwambia upungufu umekwisha," Profesa akaniambia. "Nilikufichia. Sasa usinifanye mwongo kwa shemeji."

Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu. Mke wangu alijua tangu asubuhi ile kwamba hakuna aliyenipigia simu. Mtu niliyemtaja ndiye huyohuyo aliyempa ahadi. Alijua, na akasema atafunika chakula. Nimeishi naye miaka ishirini na sita na nimemwacha na sahani mbili mezani, amevaa gauni la kutokea. Nilijisikia vibaya. Vibaya kabisa, si vibaya vya kuandika.

Nilirudi mashineni, nikafua mpaka jioni bila kusema na mtu. Nimeamua kubadilika.

Jumatano, 29 Mei

Nimebadilika.

Leo asubuhi nilimwendea Profesa, nikamwambia msimu ujao sitaki zamu hata moja ya Jumamosi. Zote anipangie mapumziko. Aliinuka, akanipa mkono kwa mikono miwili. Alisema huo ndio uanaume. Machozi yalimlengalenga, na siyo ya Mwewe.

Nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikuwa anapanga nguo. Akauliza, zote? Nikasema zote, kuanzia Agosti. Akaketi kitandani na mashati yangu mapajani. Akasema basi tutakuwa tunakula saa saba, pale dirishani.

Nikamwambia iwe saa nne na nusu.

Akauliza ni nani anakula chakula cha mchana saa nne na nusu. Nikasema ni kwa ajili ya afya. Tumbo linataka muda. Sikumweleza habari za uzio, kwa sababu si kila jambo mtu analielewa kwa mara ya kwanza. Lakini daftari limekubali hatimaye. Kosa langu lilikuwa kudhani ni zamu. Siyo zamu. Ni kutokuwa zamu, kwenye tofali, nyuma ya bomba la mvuke, saa nane kamili. Mechi moja, ushindi mmoja. Ugenini. Hakuna mwenye rekodi kama hiyo nchi nzima.

Mke wangu hakubishana. Alikunja shati moja, akakunja la pili. Kisha akasema hakuna neno, sahani yangu ataiweka saa nne na nusu, ila yeye atakula saa saba kama watu wengine. Na kwa kuwa Profesa naye Jumamosi hayupo kazini, atamwalika yeye na mkewe, wakae pale dirishani. Alisema kwa upole sana. Ameshamwambia mke wa Profesa, nao wamekubali kuwa watakuja kila wiki.

Nimeridhika. Kila mtu amepata anachokitaka. Kuna jambo moja tu linalonisumbua. Profesa akiwa mezani kwangu anakula, hatasikiliza mechi za Mwewe. Msimu huu alizifuatilia wakakosa kombe; asipozisikiliza wanaweza kushinda ligi nzima. Kesho nitanunua redio, niiweke katikati ya meza yao.